Mkono wa Zamu ya Usiku

Asikudanganye mtu kwamba usingizi wa mchana ni sawa na wa usiku. Anayesema hivyo hajawahi kulala kwenye ua wenye vyumba vingi, bomba moja la maji na jirani mwenye redio. Popo alilala hapo miaka na miaka, na kila adhuhuri aliamka akiwa amechoka kuliko alivyolala.

Jina la Popo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na ua. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee wanaume katika hospitali ya mji, zamu ya usiku, na majirani waliomwona akitoka jua likizama na kurudi likichomoza walimkalia kikao bila yeye, wakaamua kwamba ama ni mwizi ama ana mke wa siri. Alipowaonyesha sare yake walikubali shingo upande kwamba ni nesi, lakini jina lilikuwa limeshashika. Kinara wao alikuwa Mama Redio, aliyepanga chumba kilichopakana na chake. Mwanamke huyo aliona redio isiposikika hadi barabarani ni sawa na kuibiwa betri. Akiombwa apunguze sauti, alijibu kwamba mchana ni wa watu wote na anayetaka kimya aende makaburini.

Hata hivyo zamu ile ilikuwa na raha zake, na Popo hakukubali mtu aitukane mbele yake. Usiku wakubwa wote wamelala. Hakuna mganga mkuu na tai yake, hakuna ndugu wa wagonjwa wanaofoka kwa sababu uji umepoa. Wazee wenyewe gizani huwa watu wengine kabisa. Mchana wanalalamikia mashuka. Usiku wanasimulia wanawake waliowapenda na sababu za kijinga zilizowafanya wasiwaoe. Na asubuhi, mtu akitoka kazini wakati wengine ndio kwanza wanatafuta viatu, barabara yote ni yake, na mkate wa kwanza wa mwoka mikate ni wake pia, ungali moto.

Hasara zake nazo hazisemeki. Alikula chakula cha jioni alfajiri, na tumbo halikuacha kumwuliza maswali. Alikosa harusi, akakosa mechi, akahudhuria misiba akiwa amechoka kuliko maiti. Usingizi nao ukinyimwa haki yake kitandani humfuata mtu popote, hauna adabu. Popo aliwahi kusinzia kwenye kiti cha kinyozi, ambaye ni mjomba wake, akaamka hana nyusi moja.

Kuna jambo moja la kazi yake ambalo lazima lisemwe mapema. Wazee wengi wa wodi ile walikuwa na meno ya bandia, na walikuwa wabishi wa kuyavua. Mzee mmoja alilala nayo, yakamteleza kooni, nusura afe. Tangu siku hiyo sista wa wodi akatoa amri: mzee akisinzia tu, meno nje, ndani ya glasi ya maji. Wauguzi wengine waliwaamsha wazee na kugombana nao. Popo hakumwamsha mtu. Kidole gumba chini ya kidevu, cha shahada nyuma ya ufizi, msukumo mdogo, na meno yakatoka yenyewe. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mno hata mkono ukawa hausubiri tena ruhusa ya kichwa.

Sasa tuje kwa Fundi. Huyu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye maneno machache na mkasi mkali. Walijuana siku ambayo mgonjwa aliyechanganyikiwa alimrarua Popo suruali ya sare kuanzia kiunoni hadi gotini. Popo akarudi nyumbani akitembea kiubavu kama kaa, na mlango pekee uliokuwa wazi asubuhi ile ulikuwa wa Fundi. Akamwambia aingie nyuma ya pazia ampe suruali. Suruali ilishonwa, akaitwa, kimya. Fundi akachungulia, akamkuta amelala wima, amejiegemeza ukutani na bukta yake. Hakumwamsha. Wateja walipouliza kuna nini kule nyuma kinachokoroma, aliwajibu ni mashine ya zamani. Popo alipozinduka jua limeshapita utosini, alijua kwamba mwanamke anayekuacha ulale bila kukuuliza swali ndiye wa kuoa. Akaanza kuchana nguo zake makusudi.

Kikwazo kilikuwa baba yake Fundi. Mzee huyo, mwalimu mkuu mstaafu, alijulikana mtaa mzima kama Mzee Alfajiri kwa sababu aliamka kabla ya jogoo, akafagia ua, kisha akapita akigonga madirisha ya watu kwa bakora na kuwauliza kama wamekufa. Alikuwa na fahari mbili duniani. Ya kwanza, jua halijawahi kumkuta kitandani. Ya pili, meno yake: meupe, yamejipanga kinywani, meno ambayo hata kijana angeyaonea kijicho. Alifundisha vizazi vya watoto kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja, kwamba anayeamka mapema haozi meno. Watoto waliamini. Hata binti yake aliamini.

Mzee huyo hakuwahi kumwita Popo kwa neno la heri. Alimwita "kijana", "wewe", na mara nyingi "huyo". Alikuja kumkagua mara mbili, zote saa ya watu kunywa chai ya pili. Mara ya kwanza Popo alifungua mlango na shuka kiunoni, macho hayajafunguka, akamwuliza mzee yuko kitanda namba ngapi. Mara ya pili hakuamka kabisa, na aliyejibu hodi alikuwa Mama Redio, aliyesema huyo bwana kazi yake ni kulala tu, labda mzee arudi jioni popo wakitoka.

Mzee akarudi nyumbani akatangaza kwamba binti yake hataolewa na mwanamume anayekutwa na jua kitandani. Ilibidi mkewe amsihi kwa majuma ndipo akakubali kikao kimoja, Jumamosi asubuhi, waje na mshenga wao. Fundi alimpelekea Popo habari hiyo mwenyewe, akiwa na sindano mdomoni, akaitoa ili asikike vizuri.

"Sitatoroka na wewe," alisema. "Dada yangu alitoroka, na mpaka leo mama anamwekea sahani. Baba akikataa, basi. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu: usilale."

Popo aliapa. Akaenda kwa sista, akaomba apumzike Ijumaa usiku, akakubaliwa, akampata mwenzake wa kumshikia zamu. Akanunua shati jipya. Mambo yalikuwa yamekaa sawa mpaka Ijumaa jioni, mwenzake alipopata homa ya ghafla, ile homa inayowapata wauguzi siku ya fainali. Hakuna aliyebaki isipokuwa Popo.

Na usiku ule ulikuwa mbaya. Wazee wawili waligombania blanketi mpaka wakatupiana makopo ya mkojo. Mwingine alizunguka ukumbini akimtafuta ng'ombe aliyemuuza enzi za ujana wake, na Popo akazunguka naye, kwa kuwa kumwambia ng'ombe hayupo kungechukua muda mrefu zaidi. Na mzee wa kona, aliyezoea kumwita Popo "kaka" kwa sababu alimfananisha na mdogo wake, alikata roho kabla hakujapambazuka, amemshika kidole. Popo alimfumba macho, akamvua meno, akamwosha uso. Alivizoea vifo lakini huyu alimwuma. Asubuhi alitoka hospitali miguu ikienda yenyewe, shati jipya kwapani.

Mjomba kinyozi, mshenga wa siku hiyo, alimsubiri njiani. Alimtazama mpwa wake, akamwambia hata wateja wake wanaonyolewa kwa ajili ya kuzikwa wana nuru kuliko yeye. Akatoa pilipili mfukoni akamwamuru atafune. Popo alitafuna. Waliingia kwa wakwe machozi yakimchuruzika, na shangazi yake Fundi, mwanamke mnene aliyekaa karibu na mlango ili asipitwe na kitu, akamnong'oneza wifi yake kwamba kijana ana mapenzi ya dhati.

Wakaamkia, wakaitikiwa, wakakaa. Lilikuwepo kochi moja la zamani ambalo mtu akikaa hakai, anazama, na hilo ndilo Popo alilopewa, ubavuni mwa mzee mwenyewe. Fundi na mama yake walikaa upande wa pili. Mjomba akafungua maneno vizuri tu, akasifu nyumba, akasifu binti, akapitiliza kidogo akamsifu na paka. Kisha Mzee Alfajiri akajibu, na jibu lake lilikuwa somo juu ya usingizi.

Alianza na chungu, mdudu asiyelala. Akaja kwa jogoo. Akataja mataifa yaliyoanguka kwa kulala na wanafunzi wake wa zamani waliokuja kuwa walevi kwa sababu ya kulala. Popo alijikaza kisabuni. Aliuma ulimi. Alijifinya paja. Pilipili ilikuwa imeshapoa, na sauti ya mzee, nzito, ya polepole, isiyopanda wala kushuka, ilimwingia mwilini kama maji ya vuguvugu. Fundi alikuwa akimtazama bila kupepesa. Kila kichwa cha Popo kilipoinama, alikohoa.

Mwishowe mzee akasema kabla hajatoa uamuzi wake angeomba dua. Wote wakafumba macho. Fundi naye akafumba, na hapo ndipo kikohozi kilipokatika.

Dua ya mzee ilikuwa ndefu kuliko somo. Aliwaombea walio hai, waliokufa, watakaozaliwa, na watumishi wa serikali. Kisha ikapungua mwendo. Ikawa neno moja moja. Ikawa kimya. Watu wa nyumba ile walikuwa wamezoea vimya vya mzee, walidhani amefika mahali pa ndani zaidi, wakangoja na macho yao yamefumbwa ili waseme amina.

Popo alizinduka kwenye kimya kile. Tuseme nusu yake ilizinduka, nusu ya kazini. Aliona kando yake mzee amefumba macho, kidevu kifuani, mdomo umeachama kidogo, pumzi ndefu za kushuka, na ndani ya mdomo huo meno yamelegea yakicheza na kila pumzi. Mkono haukuuliza kitu. Kidole gumba chini ya kidevu, cha shahada nyuma ya ufizi, msukumo mdogo. Yakatoka ya juu, yakatoka ya chini. Glasi ya maji iliyokuwa karibu ilikuwa ya mjomba. Meno yakaingia humo yakalia tingi, na Popo akamlaza mzee taratibu kwenye mto wa kochi, akampigapiga begani.

"Lala sasa, babu," akasema. "Kukicha nitakuamsha."

Wote wakafumbua macho.

Ni mjomba aliyepiga ukelele, kwa kuwa alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua glasi yake. Shangazi alisimama ili aone vizuri. Mama wa nyumba alifunika uso kwa khanga. Yeye peke yake alikuwa akijua siri ya meno na aliapishwa asiitoe hata kwa watoto wake. Fundi alitazama glasi, akatazama mdomo wa baba yake uliokuwa umebonyea kama mfuko usio na kitu, akatazama glasi tena. Mzee Alfajiri alikurupuka, akapapasa kinywa, na alipoelewa kilichompata alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Popo sasa alikuwa macho kabisa. Hajawahi kuwa macho namna ile tangu azaliwe.

Shangazi hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. "Kaka," aliuliza polepole, "kwani ulikuwa umelala?"

 Mzee bila meno asingeweza kujibu hata angetaka. Lakini macho yake, juu ya vile viganja, yalimgeukia Popo, na yalikuwa macho ya mtu aliyekamatwa. Popo alilijua jibu. Mtu aliyesikiliza pumzi za wazee maisha yake yote ya kazi hawezi kuchanganya pumzi ya dua na pumzi ya usingizi. Alikuwa na neno moja la kujitetea, na neno hilo lilikuwa kweli. Angelisema, mzee asingekuwa na la kumhukumia tena. Akamtazama mzee yule, akamwona jinsi alivyo mdogo bila meno yake, akakumbuka mzee wa kona.

"Hapana, shangazi," alisema. "Mzee alikuwa anaomba. Aliyelala ni mimi."

Walifukuzwa. Mzee alinyoosha bakora tu kuelekea mlangoni, na bakora ilieleweka. Fundi aliwasindikiza hadi getini bila kumtazama Popo. Pale akamwambia kwamba alimwomba kitu kimoja tu, kimoja, kisha akafunga geti. Mjomba njia nzima alilalamika kwamba kiu yake ya maji imekufa na haitafufuka.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Popo alipeleka sare ikashonwe, ikarudi kwa mkono wa mjomba ikiwa imepigwa pasi vizuri, na miguu yote miwili ya suruali imeshonwa chini, mshono wa mara mbili. Aliifumua mwenyewe kwa wembe akilia, na hakuona haya kulia. Alimwomba sista amhamishie zamu ya mchana; sista akamjibu kwamba wazee wakiamka wasimwone watakataa kunywa dawa, na akaenda zake. Kwa hiyo akaendelea kutoka jua likizama na kurudi alfajiri. Mkate wa moto ukawa hauna ladha.

Hadi siku moja alipoamka na kuona kuna kitu hakiko sawa. Alikaa kitandani akisikiliza. Hakukuwa na redio. Hakukuwa na ndoo kugongana bombani wala watoto kurushiana mpira kwenye bati la dirisha lake. Alidhani ni usiku, amechelewa kazini. Akafungua mlango kwa pupa, jua la alasiri likampiga usoni.

Mlangoni pake, juu ya kigoda, alikaa Mzee Alfajiri na bakora magotini. Kule bombani Mama Redio alikuwa akikinga maji kwa kuinamisha ndoo yasipige kelele, akiwatazama kwa chuki.

Popo akaamkia. Mzee akaitikia, akamwambia apunguze sauti, kwani amehangaika tangu asubuhi kuwafundisha watu hawa adabu. Meno yake yalikuwa mahali pake. Mzee akauliza, akitazama chini, kama siku ile Popo aliona kwamba amelala.

"Niliona," Popo alisema.

"Na dada yangu alipokuuliza, ukadanganya. Hapohapo baada ya dua."

"Amina ilikuwa bado, mzee."

Mzee alitaka kukasirika ikamshinda. Ndipo akasema jambo ambalo, alivyolitoa kwa taabu, lilionekana halijawahi kutoka. Usiku hapati usingizi. Ni miaka sasa. Anajilaza, anahesabu makosa yake, anamfikiria binti aliyeondoka bila kuagwa, mpaka anachoka na dari na kuamka kufagia. Watu wakamwona anafagia gizani wakamsifu, naye sifa akazipokea, kwa maana mtu akisifiwa kwa ugonjwa wake ni tabu kuomba dawa. Meno nayo ni yaleyale. Yalimtoka akiwa bado kazini, akaogopa watoto watamcheka.

"Siku ile kwenye kochi," alisema, "mtu aliniambia nilale, kukicha ataniamsha. Nilisikia. Sikumbuki mara ya mwisho kuambiwa hivyo."

 Popo alipasuka moyo kwa huruma, na pia alitaka sana kuuliza kuhusu Fundi, akajizuia. Mzee akasema kwamba binti amekwishaambiwa ukweli wote, tangu jana usiku, na alicheka mpaka akajichoma sindano, kisha akalia. Mengine watayazungumza Popo akishakula. Hakuna haraka. Yeye atasubiri hapohapo mlangoni, anaangalia wasije wakawasha redio.

Popo alikwenda bombani kunawa uso. Aliporudi, mzee alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa, bakora imelala chini. Pumzi zilikuwa ndefu, za kushuka, na mdomo umeanza kuachama. Popo alisimama akimtazama. Mkono wake wa kulia, bila kuagizwa na mtu, ukaanza kuinuka.

"Meno yaache, mwanangu," mzee alisema, macho yamefumbwa vilevile.

Popo akaushusha mkono, akaingia ndani kumletea mto.